Unahamia Marekani na chaja za Bongo? Soma maandishi ya nyuma kwanza

Watu wakipata viza tu wanakimbilia kununua adapta, sasa sikia, adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme wenyewe haiugusi. Tanzania tuna volti 230, Kenya 240, Marekani ni 120, kama nusu hivi, kwa hiyo kabla hujafunga begi geuza kila kitu usome yale maandishi madogo ya nyuma.

Ukikuta INPUT 100-240V 50/60Hz huna presha, hicho kinakula umeme wa popote, na chaja karibu zote za simu na laptopu siku hizi ziko hivyo, adapta ya bei chee inatosha. Ukikuta 220-240V peke yake, acha nyumbani. Mfano pasi ya wati 1200, ukiichomeka kule haiungui wala nini, inakuwa vuguvugu tu, maana volti zikishuka nusu nguvu inashuka mpaka robo, yani wati 300 hivi, hapo utapiga shati moja mpaka kesho. Nunua kule kule, pasi si kitu cha kumalizia kilo za begi. (Na usishangae jagi la umeme kuchelewa kuchemka, soketi za kawaida kule ni ampia 15 ndo maana majagi mengi yanaishia wati 1500, wakati Uingereza wanachemshia mpaka 3000.)

Balaa lenyewe liko kwenye kutuma vitu nyumbani. Sabufa ya 120V uliyoipakia kwenye kontena, mtu akiichomeka tu, pap! moshi, harufu ya plastiki, fundi anakwambia transfoma ya ndani imekwenda. Kwa hiyo angalia nyuma kama ina swichi ya 115/230, kama ipo isukume kwa bisibisi iende 230 kabla haijachomekwa popote. Haina? Tafuta transfoma ya kushusha umeme na wati zake zizidi za kifaa, sabufa inayokula 300 itafutie ya 500. Draya ya nywele usijisumbue, transfoma ya kuibeba ni nzito na bei yake inazidi draya yenyewe.

Maikrowevu ndo usitume kabisa, transfoma itashusha volti sawa lakini hezi (zile Hz, mapigo ya umeme kwa sekunde) zitabaki 50 za nyumbani na yenyewe imeundwa kwa 60 za Marekani, itapata moto kupita kiasi mpaka ife. Mwachie jirani wa huko huko.