Pumu ya ngozi kwa mtoto wa chini ya mwaka: namna ya kutafuta chakula kinachomsumbua bila kumdhoofisha

Wazazi wengi wanaoleta mtoto mwenye pumu ya ngozi kliniki huwa wameshaanza kumkatia vyakula. Bibi kasema mayai yaachwe, jirani kasema samaki, muuza duka la dawa kasema maziwa. Mtoto wa miezi tisa amebakiwa na uji mtupu wa mahindi na ndizi, anajikuna vilevile, na mstari wa uzito kwenye kadi umeanza kulala.

Chakula kinaweza kuchochea ugonjwa huu, ila kwa watoto wachache kuliko inavyodhaniwa. Hata kati ya watoto ambao hali yao ni ya kati au kali, wenye mzio wa chakula ni kama theluthi moja tu. Kwa wenye hali nyepesi ni wachache zaidi. Kwa hiyo kazi yetu ni uchunguzi: kushuku kimoja, kukitoa kwa muda, kukirudisha, kisha kuamua. Utaratibu ninaoufuata na wazazi ni huu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni pumu ya ngozi kweli

Kwa mtoto mdogo huanzia mashavuni, kichwani, na upande wa nje wa mikono na miguu. Akikua kidogo huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Sehemu inayofunikwa na nepi mara nyingi husalimika. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu. Tafuta mabaka makavu yaliyokoza rangi, au vipele vidogo vya kukwaruza ukivipitishia kiganja.

Kama na wengine nyumbani wanawashwa usiku, na mtoto ana vipele viganjani na nyayoni, huo huenda ni upele wa kuambukiza. Tiba yake ni nyingine na inahusu nyumba nzima. Vidonda vinavyozunguka mdomo na makalio pamoja na kuharisha vinaweza kuwa upungufu wa madini ya zinki. Huyo apelekwe hospitali, asianze kukatiwa chakula.

Hatua ya 2: Tibu ngozi kwanza kwa wiki mbili, chakula usikiguse

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo watoto wengi wanapopona.

Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, bila dodoki na bila sabuni za kuua vijidudu. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usimsugue. Ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato. Rudia mara mbili au tatu kwa siku hata kama hajaoga. Kama ngozi ni kavu mwili mzima, kopo la gramu 250 linatakiwa kuisha ndani ya wiki moja au mbili. Likikaa miezi miwili, jua unampaka kiduchu.

Mafuta ya zeituni yanasifiwa sana, lakini hudhoofisha ngozi iliyokwisha kupasuka. Mafuta ya karanga ndiyo kabisa usimpake: chakula kinachoingilia kwenye ngozi yenye nyufa kinaweza kuufundisha mwili ukione adui kabla mtoto hajakila. Kwa sababu hiyohiyo, ukitoka kumenya karanga au kuvunja mayai, nawa mikono kwanza ndipo umpake mtoto.

Mabaka yanayowaka yanahitaji krimu ya dawa. Kwa uso wa mtoto mdogo, daktari kwa kawaida huandika haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache. Zile tyubu za mchanganyiko zenye betamethasoni au klobetasoli, zinazouzwa kama dawa ya kila kitu, ni kali mno kwa shavu la mtoto. Zinasafisha ngozi upesi, ukiacha tu inarudi kwa hasira. Halafu mzazi analaumu samaki wa jana.

Ngozi ikitulia kwa hatua hii, acha hapo. Endelea kupaka, mpe mtoto vyakula vyote vya umri wake.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Kama bado anasumbuka, nunua daftari la shule. Andika kila kinachoingia mdomoni, saa, na hali ya ngozi. Ukurasa unaonisaidia unafanana na huu:

*Jumatatu. Saa 2 asubuhi: uji wa ulezi, kijiko cha karanga za kusaga. Saa 7: wali, maharage, mchicha. Saa 12 jioni: papai. Kunyonya kama kawaida. Usiku: ameamka mara tatu kujikuna. Mashavu: mabaya kuliko jana. Mengineyo: joto kali, alivaa sweta, jino linatoka.*

Hiyo "mengineyo" usiiache. Joto, jasho, sufu, mate ya kuota meno na mafua huamsha pumu ya ngozi bila chakula chochote kuhusika.

Muda kati ya kula na kuwashwa ndio unaotuongoza. Mzio wa papo kwa papo huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka ya kuvimba mwilini, midomo au macho kujaa, kutapika. Wa kuchelewa huja baada ya saa kadhaa hadi siku mbili tatu, na humzidishia mtoto ule muwasho alio nao. Tofauti hiyo itakuwa na uzito mkubwa kwenye hatua ya 6.

Mtoto anayechubuka kuzunguka mdomo tu baada ya nyanya, chungwa au nanasi, mara nyingi hana mzio. Asidi ya chakula imeunguza ngozi. Mpake mafuta ya mgando kidevuni kabla ya kula, mfute taratibu akimaliza.

Hatua ya 4: Uvunje unga wa lishe

Kwetu uji wa lishe ndio chakula cha kwanza cha mtoto, na kwa mtoto wa kawaida ni chakula kizuri. Kwa uchunguzi huu ni tatizo. Mfuko mmoja una mahindi, mtama, ulezi, ngano, soya, karanga, siku hizi na dagaa na mbegu za maboga. Ngano, soya, karanga na samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyoongoza kwa mzio, pamoja na maziwa na mayai, na hapa vimo vinne kwenye kikombe kimoja, kila asubuhi. Mama anakuambia kwa dhati kabisa, "Huyu hali karanga," kumbe anazinywa tangu miezi sita.

Kuuvunja maana yake si kuufuta. Pika uji wa nafaka moja: mchele, mtama au ulezi. Vile vingine alivyokuwa akivila mpe pembeni, kwa siku unayoijua, ili uvione kwenye daftari. Karanga za kusaga ziwe kwenye bakuli lake, dagaa wa kusaga kwenye mboga, na kadhalika.

Mashineni usiwe wa kwanza baada ya mtu aliyesaga karanga au soya. Subiri apite mwenye mahindi kwanza, au osha mchele, uanike na uutwange nyumbani. Na kwa kuwa uji wa nafaka moja ni mwepesi, utie kijiko cha chai cha mafuta ya kula, na milo mingine iwe na parachichi, viazi lishe, maharage ya kuponda au maini.

Hatua ya 5: Toa chakula kimoja tu, kwa wiki mbili hadi nne

Chagua kile ambacho daftari limekitaja zaidi. Kama hakuna, usibahatishe. Rudi hatua ya 2 uone kama mafuta yanapakwa ipasavyo.

Mashaka yakiwa kwa yai, toa yai na kila lililokandwa nalo: keki, biskuti, mkate wa mayai. Badala yake mpe maharage, nyama au dagaa. Mashaka yakiwa kwa maziwa ya ng'ombe, toa pia mtindi, siagi, na maandazi yaliyokandwa kwa maziwa. Usikimbilie maziwa ya mbuzi, maana protini zake zinafanana mno na za ng'ombe na karibu kila mtoto anayedhurika na haya hudhurika na yale. Mtoto asiyenyonya anahitaji maziwa maalumu ya kopo atakayoelekezwa na daktari. Ni ghali, kwa hiyo uhakika utangulie pesa.

Anayenyonya aendelee kunyonya. Hakuna hatua hata moja hapa inayosema umwachishe. Mara chache mtoto anayenyonya tu huhitaji mama naye aache yai au maziwa kwa muda huohuo wa wiki mbili hadi nne. Mama huyo ahakikishe anapata kalsiamu, miligramu 1,000 kwa siku, kwa dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, na vidonge akiandikiwa.

Mpime uzito mwanzoni na mwishoni. Ukishuka, sitisha zoezi uonane na mtaalamu wa lishe.

Hatua ya 6: Kirudishe

Wazazi hunigomea hapa. Ngozi imetulia, kwa nini nichokoze? Kwa sababu pumu ya ngozi hupanda na kushuka yenyewe, na huenda imeshuka tu kwa bahati. Tena chakula kikikaa nje muda mrefu, mwili unaweza kupoteza uvumilivu wake, na siku mtoto atakapokionja akapata mzio mkali ambao hakuwa nao.

Usirudishe nyumbani kama mtoto aliwahi kupata mzio wa papo kwa papo, au kama chakula kimekaa nje miezi. Hilo lifanyike hospitalini.

Kwa wengine, chagua asubuhi ambayo mtoto ni mzima na si siku ya chanjo. Anza na robo kijiko cha chai, kesho yake nusu, kisha kijiko, hadi kiasi cha kawaida, usibadilishe kitu kingine chochote. Ngoja wiki moja. Ngozi ikilipuka, toa tena na umwone daktari athibitishe. Isipobadilika, chakula hicho hakina kosa. Kirudishe mezani, kisha ndipo ushuku kingine.

Mtoto akivimba uso, akipumua kwa mluzi, akitapika mfululizo au akilegea, kimbia hospitali, usingoje gari la bei nafuu. Vivyo hivyo kwa mabaka yanayotoa usaha na homa, au malengelenge madogo yanayosambaa upesi.

Hatua ya 7: Karanga na mayai visicheleweshwe kwa hofu

Zamani tuliwaambia wazazi wasubiri. Mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa London walitoa matokeo ya watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara, nusu walinyimwa hadi umri wa miaka mitano. Mzio wa karanga ulipungua kwa asilimia zipatazo 80 kwa waliolishwa.

Kwa hiyo akifika miezi sita, akiwa ameshaanza kula, mpe yai lililochemshwa likaiva kabisa, na karanga za kusaga zilizolainishwa kwa uji, vijiko viwili vya chai mara tatu kwa wiki. Mwenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai amwone daktari kabla ya mara ya kwanza. Karanga nzima asipewe kabla ya miaka mitano, zitampalia. Chagua zisizo na ukungu wala mikunjo.

Akithibitika ana mzio wa yai au maziwa, mrudishe apimwe kila baada ya miezi sita hadi mwaka, kwani wengi huumaliza kabla ya kuanza shule. Na chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18 apate kama wenzake, hata kama yai linamdhuru. Mwambie tu mhudumu.