Kuichunguza prosesi ya PostgreSQL iliyokwama kwa kutumia gdb

Prosesi ya kanzidata ya PostgreSQL inapokwama, haraka ya kuiua ndiyo inayopoteza ushahidi. Katika ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Tanga, karibu na bandari, nilikuta prosesi iliyokuwa ikitayarisha ripoti ya mizigo imekwisha kupigwa kill -9, amri ya kuiua papo hapo. Prosesi mama, kwa kuhofia kwamba kumbukumbu ya pamoja imeharibika, iliwakatia watumiaji wote na kuanza kujirejesha kutoka kwenye mafaili ya WAL (rekodi za mabadiliko ya kanzidata), na chanzo hatukukijua hadi tatizo lilipojirudia.

Anza ndani ya kanzidata yenyewe. Katika pg_stat_activity, orodha ya prosesi na shughuli zake, utapata namba ya prosesi kwenye safu ya pid, na kwenye wait_event_type utaona inangoja nini. Ikiwa ni Lock (kufuli), kazi ya pg_blocking_pids ni kukutajia aliyeshika kufuli, na hapo dibaga, yaani gdb, chombo cha kutazama ndani ya prosesi inayoendelea, haihitajiki. Inahitajika pale safu hiyo inapokuwa tupu huku state ikisema active, au pale pg_terminate_backend, ombi la kuifunga prosesi, inapopuuzwa. Tazama pia hali ya prosesi kwa ps: ikiwa ni D (inangoja diski bila kukatizika) kwa muda mrefu, chunguza diski kwanza, kwa sababu gdb nayo itakwama ikijaribu kuishika.

Sakinisha alama za utatuzi (debug symbols) zinazolingana na toleo lako, vinginevyo majina mengi ya kazi (functions) za programu yatatokea kama ??. Kisha, ukiwa root (msimamizi wa mfumo), andika amri hii, ukiweka pid yako badala ya 4127; bt huorodhesha kazi zilizoitana hadi sasa:

gdb -p 4127 -batch -ex bt

Ninasisitiza -batch, inayoifanya gdb iiachie prosesi mara ikimaliza, kwa kuwa gdb huisimamisha prosesi kwa muda wote inapoishika. Ukiiacha hivyo ukaenda kupokea simu, na prosesi hiyo imeshika kufuli la ndani, wengine wote watajipanga foleni nyuma yake. Rudia mara tatu, kila baada ya sekunde kumi, kisha linganisha. Mistari husomwa kuanzia #0, yaani kazi inayotendeka sasa, kushuka hadi main.

Tatizo lilipotujia tena, mistari ya juu ilibadilika kila mara, lakini ExecSeqScan na ExecNestLoop zilibaki palepale. Kumbe haikuwa imekwama: ilikuwa ikisoma jedwali zima la mizigo upya kwa kila safumlalo ya jedwali jingine. EXPLAIN, amri inayoonyesha mpango wa hoja, ilikadiria safumlalo chache mno, tukaendesha ANALYZE, inayosasisha takwimu za majedwali, na mpango wa hoja ukabadilika.