Uliye kazini Uingereza, kagua msimbo wako wa kodi

Ndugu zangu mnaolipwa mshahara Uingereza, kama kipato chako kimevuka pauni 50,270 kwa mwaka na unachangia pensheni binafsi, huenda kuna pesa yako hujaidai. Ukiweka pauni 80, kampuni ya pensheni hukudaia 20 kutoka serikalini, zinakuwa 100. Hiyo ni nafuu ya asilimia 20 tu. Wewe unayekatwa asilimia 40 kwenye kipato kilichovuka 50,270 una haki ya 20 nyingine, na hiyo haiji yenyewe: lazima uwaombe HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza.

Wakikubali, wanaubadilisha msimbo wako wa kodi, ile namba iliyo kwenye karatasi yako ya mshahara inayoonyesha, kwa makumi ya pauni, kipato kisichokatwa kodi. Tuseme michango ya mwaka ni pauni 3,000 pamoja na ile nafuu ya kwanza, na kiasi chote hicho kiko kwenye kiwango cha 40. Unadai 600. Msimbo 1257L unaweza kupanda hadi 1407L, yaani pauni 1,500 zaidi hazikatwi kodi (asilimia 40 yake ndiyo hiyo 600), na nafuu inaingia kidogo kidogo kila mwezi.

Muulize kwanza mhasibu wa mishahara: mchango ukikatwa kabla ya kodi, nafuu yote umeshapata. La sivyo, dai hata miaka minne ya nyuma. Na mchango ukibadilika, wape taarifa mapema, maana wakikuzidishia watakukata baadaye.