SOMO: Kubadili hausing ya thamostati bila kurudia kazi mara mbili

Wakuu habari zenu. Leo tuongelee hausing ya thamostati, yaani kikombe kinachobeba thamostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupozea injini kufuata joto, maana watu wanabadili, wiki mbili inavuja tena, wanalaumu spea feki. Spea feki zipo kweli ila mara nyingi tatizo ni uso haukusafishwa, bolti zimekazwa kwa hasira au hewa imebaki ndani, basi.

Iko wapi: fuata ule mpira wa juu wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini, hicho kikombe unachokikuta mwisho wake ndo chenyewe, ila sio kila gari, injini nyingi za Toyota zimeiweka upande wa mpira wa chini kwahiyo usishangae ukiikosa juu.

Dalili. Maji yanapungua lakini chini ya gari pakavu, kwasababu yanadondokea kwenye injini ya moto yanakauka hapohapo. Piga tochi kwenye maungio, ukiona ukoko mkavu mweupe au wa rangi ya kulanti (yale maji maalum ya kupozea injini) ujue panavuja. Na harufu flani tamu ukifungua boneti. Za plastiki zinakufa kwa kupata moto na kupoa kila siku, zinakuwa kavu zinapasuka. Za alumini zinaliwa na maji ya bomba, ukivuta mpira unakuta shingo ina unga mweupe na vishimo vishimo, hapo hata ufunge klipu mbili itavuja tu, badili.

KABLA YA YOTE: injini iwe ya baridi kabisa. Mfuniko wa rejeta umeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha kwa bar, ndo inayofanya maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua ikiwa ya moto presha inashuka ghafla, maji yanachemka muda huohuo na yanakurukia usoni.

Hatua ya 1. Andaa hausing mpya, oringi (pete ya mpira) au gasketi (kizibio kinachokaa katikati ya maungio) mpya (ya zamani hairudi hata ikionekana nzima), thamostati mpya maana ushafungua tayari, kulanti, soketi (10 na 12 zinamaliza gari nyingi za kijapani), plaizi, beseni na matambara.

Hatua ya 2. Mwaga maji kwa kizibo cha chini ya rejeta, sio lazima yaishe, yashuke tu chini ya usawa wa hausing. Beseni usiliache wazi, kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ni tamu na ni sumu, paka na mbwa wanaweza kunywa wakafa. Watoto pia.

Hatua ya 3. Sogeza klipu nyuma, ushike mpira uuzungushe kwanza uachie ndo uvute. Usichokonoe na bisibisi, utatoboa mpira au utavunja shingo. Kama kuna sensa chomoa soketi yake.

Hatua ya 4. Bolti. Zinaweza zisilingane urefu, kwahiyo chukua kipande cha boksi chora umbo la hausing na uchomeke kila bolti sehemu yake. Ikigoma usilazimishe, pulizia oili ya kulainisha kutu, subiri, kisha ikaze kidogooo halafu ndo uilegeze, nenda rudi nenda rudi mpaka ikubali. Bolti ndogo ya M6 (unene milimita 6) ndani ya alumini inakatika kirahisi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 5, na hapa ndo watu wanaharakisha. Ziba tundu kwa tambara ili uchafu usiingie kwenye injini, kwangua mabaki ya gasketi yote kwa kitu cha plastiki au mbao, sio bisibisi, sio grenda, mchirizi mmoja tu wa kuanzia ndani kwenda nje unatosha kuwa njia ya maji. Pitisha ukucha, ukiona bado unakwama bado hujamaliza. Weka rula wima juu ya uso uangalie kama mwanga unapita chini yake.

Hatua ya 6. Thamostati ina upande. Springi inaangalia ndani ya injini, na kama ina kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ni njia ya hewa hiyo, japo gari chache zinaelekeza tofauti kwahiyo angalia ya zamani ilivyokaa kabla hujaitoa.

Hatua ya 7. Bolti zote anza kwa vidole, halafu kaza kwa kupokezana kidogokidogo. M6 mara nyingi ni nyutoni mita 8 mpaka 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza, unakipata kwa spana ya toki), kitabu cha gari yako ndo kina neno la mwisho. Kama kuna oringi au gasketi ya mpira USIPAKE silikoni, ile inayobanwa ikaingia ndani inakatika vipande inaenda kuziba rejeta.

Hatua ya 8. Rudisha mpira na klipu, jaza taratibu, pua ya gari iwe juu kidogo, hita iwe moto mwisho. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa ifungue mpaka yatoke maji bila mapovu. Washa, minyaminya mpira, ongeza yanaposhuka, funga mfuniko, subiri mpaka feni iwake yenyewe. Mipira yote miwili ikiwa ya moto maji yanazunguka. Ikipoa kesho yake cheki tena kiwango.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu fundi wangu aliitoa thamostati kabisa na gari haichemshi, kuna haja ya kuirudisha?
Jibu: Ipo kaka. Injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, taa ya injini inaweza kuwaka na kodi (namba ya hitilafu kwenye mashine ya kupimia) P0128. Halafu kuna injini ambazo thamostati ndo inaziba njia ya mkato, ukiitoa maji mengine yanazunguka bila kupita rejeta, kwenye mlima au foleni inachemsha vizuri tu.

Swali: Nimebadili kila kitu, mshale wa temperecha unapanda na hita inatoa baridi, nini tena?
Jibu: Hewa hiyo. Zima, iache ipoe, rudia hatua ya 8. Ila kama mapovu hayaishi kabisa kwenye rejeta, pima gasketi ya silinda hedi kabla hujaendelea kutembea nayo.

Swali: Nitajuaje thamostati niliyonunua ni nzima?
Jibu: Ina namba, mfano 82 au 88, ndo nyuzi inazoanza kufunguka. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha. Ikianza karibu na hiyo namba na ikajifunga kabisa ikipoa, iko poa. Ikija imefunguka toka kwenye boksi rudisha.

Swali: Naweza changanya kulanti ya kijani na ya pinki?
Jibu: Usiangalie rangi dada, kila kampuni ina rangi zake. Soma aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, ukishindwa kujua iliyopo ndani mwaga yote usafishe ujaze moja.

Swali: Bolti imekatikia ndani, nifanyeje?
Jibu: Kama kuna kipande kimechomoza nje ipashe moto kidogo sehemu ile uishike na plaizi ya kujifunga. Kama imezama peleka kwa mtu wa kuchomelea, anaweka nati juu anaichomelea anazungusha inatoka. Usianze kutoboa na drili ya mkono, bolti ni ngumu kuliko alumini, drili inateleza pembeni unaharibu tundu lote.