Namna ya Kulinganisha Buti la Gari Ndogo Kabla ya Kununua

Anayetafuta hachibaki ndogo, yaani gari ambalo mlango wa nyuma hufunguka pamoja na kioo chake, iwe Toyota Vitz, Honda Fit au Volkswagen Polo, hukutana mapema na idadi ya lita inayotajwa kuwa ujazo wa buti. Idadi hiyo haitoshi kuamulia. Katika utaratibu wa Kijerumani unaofuatwa na watengenezaji wengi wa Ulaya, buti hujazwa vitofali vyenye urefu wa milimita 200, upana wa 100 na kimo cha 50, kila kimoja kikiwa na ujazo wa lita 1, kisha vitofali huhesabiwa. Kitofali hupenya kwenye kona ambazo sanduku la nguo halifiki, na ndiyo maana gari mbili zenye lita zilezile huweza kuachana mbali siku ya safari.

Kwanza, hakikisha kwamba lita unazolinganisha zimepimwa siti za nyuma zikiwa zimesimama, na kwamba kipimo kimeishia kwenye kibao cha kufunika mizigo badala ya kufika darini. Uliza pia ni toleo gani. Volkswagen Golf ya kizazi cha saba ina lita 380, lakini ile ya GTE, yenye injini ya petroli na betri ya kuchaji, ina 272 tu.

Baada ya hapo nenda yadi ukiwa na futi ya fundi seremala. Upana upime pale magurudumu yanapotokeza ndani, kwa kuwa hapo ndipo mzigo hukwama. Urefu upime mara mbili: sakafuni, na tena usawa wa kibao, kwa sababu mgongo wa siti umelala nyuma na kioo cha mlango kimelala mbele. Usisahau kimo cha kizingiti kutoka ardhini. Gunia la kilo 50 litakukumbusha.

Mimi huamini zaidi dumu tupu la lita 20. Lisimamishe butini, funga mlango polepole, uone kama kioo kinaligusa. Kisha hesabu mangapi yanakaa wima yakiwa yamepangana.

Kuhusu siti, laza mgongo wake uone kama sakafu inanyooka au inabaki na ngazi. Honda Fit ina faida ya pekee: tangi lake la mafuta liko chini ya siti za mbele, hivyo kikalio cha siti ya nyuma huinuliwa juu na kitu kirefu, kama mche wenye chungu chake, husimama hapo bila kugusa buti.

Mwisho, funua kapeti. Gari nyingi za haibridi, yaani zenye injini ya mafuta na mota ya umeme, hazina tairi la akiba, bali pampu na dawa ya kuziba tundu, na ukiamua kuongeza tairi lako mwenyewe, litawekwa juu ya sakafu: pima upya likiwa humo.