Kona ya mtandao mtaani: anza na nywila, kompyuta zitafuata

Ukitaja habari ya kuwaletea watu wa mtaani mambo ya mtandao, wengi wanawaza chumba chenye kompyuta mpya na mgeni rasmi wa kukata utepe. Mimi kazi hii naifanyia Mabatini, hapa Mwanza, nyumba zinapopanda mlima katikati ya mawe, na nakwambia kompyuta isubiri. Anza na kile ambacho watu tayari wanamlipa mtu mwingine awafanyie.

Kakae kwenye benchi la steshenari yoyote msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Kijana anafika na vyeti kwenye bahasha ya kaki. Mwenye duka anamfungulia barua pepe, nywila anatunga yeye, na pengine namba ya simu anaweka ya kwake ili meseji ya uthibitisho imfikie haraka. Kijana analipa ada ya maombi, 30,000, halafu anamlipa na mwenye duka. Bodi ya Mikopo ikimtaka arekebishe kiambatisho, hawezi kuingia. Nywila anaijua mwenye duka, naye kaisahau au anataka hela nyingine. Na muda wote huo kijana ana simujanja mfukoni!

Kwa hiyo somo la kwanza ni kila mtu kufungua barua pepe yake, kwenye simu yake, kwa laini yake. Kabla ya yote apige *106# aone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Utashangaa wangapi wanatumia laini ya shemeji. Huyo mpeleke kwanza kwa wakala akasajili yake kwa alama za vidole, maana shemeji akiidai laini, barua pepe nayo inakwenda. Nywila iwe ndefu: maneno manne yasiyohusiana, hata ya Kisukuma, na namba katikati. Aiandike kwenye daftari la nyumbani, asiibandike nyuma ya kava la simu.

Wewe mfundishaji, mikono mgongoni. Hata akitafuta herufi moja dakika nzima, usimpokonye simu. Ukimbonyezea, umekuwa steshenari ya pili.

Mahali, omba ofisi ya serikali ya mtaa jioni. Mwenyekiti akikubali, mtendaji hana neno. Muda uangalie na wanaokuja. Mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, anatoka alfajiri, usimpangie asubuhi. Tena mama huyo hana haja na barua pepe, shida yake ni pesa ya kwenye simu. Kaa naye ubavuni, fungueni zile meseji za matapeli za "ile hela itume kwenye namba hii", mzisome pamoja kwa sauti, kisha meseji yenyewe aitume kwa mkono wake kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Kwake hilo ndilo somo la kwanza, na kesho yake atakuletea wenzake.

Bando ndilo linaloua vikundi vingi. Washa hotspoti ya simu moja, lakini kila simu iwe na Kiokoa Data na isijisasishe programu, la sivyo GB inayeyuka kabla hamjafungua ukurasa. Mkipata laptopu kuukuu, wekeni Kolibri na Kiwix, programu za kusomea bila mtandao. Mkishapakua mara moja, simu zinajiunga na laptopu kupitia ruta bila bando hata kidogo, watoto wanasoma hisabati ya Khan Academy kwa Kiswahili na Wikipedia ya Kiswahili. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mkichanga hela, msinunue kompyuta ya pili. Nunueni printa yenye skena. Fomu ya mkopo haiishii kwenye simu: inachapwa, inasainiwa na mwombaji na mdhamini, inapigwa muhuri wa serikali ya mtaa, inapita kwa wakili au kamishna wa viapo, kisha inaskeniwa na kupandishwa tena. Wakili itabidi afuatwe mjini. Muhuri wa mtaa uko mezani hapo hapo mlipokaa.