Mabuti ya Kauboi Pwani: Namna ya Kuyachagua na Pa Kuyavaa

Mabuti mengi ya kauboi ninayoletewa kibandani hapa Malindi yana ugonjwa mmoja: mwenyewe alinunua kwa kutazama nakshi, mguu akausahau. Basi tuanze na mguu.

1. Pima jioni. Joto letu huvimbisha miguu kutwa, na buti linalokutosha asubuhi laweza kukutesa usiku. Vaa soksi zilezile utakazoyavalia. Buti hili halina kamba wala zipu. Kinachoushika mguu ni ngozi iliyokumbatia mgongo wa wayo. Hapo pakilegea, buti si lako. Pakibana hadi ukafa ganzi, pia si lako. Vidole vicheze, na pale wayo unapokunjika pakae sawasawa na sehemu pana ya soli. Buti jipya likiachia kisigino kiinuke kidogo, hata karibu sentimita 1, usihofu. Soli ikilainika kitatulia. Kwa mtumba, ambao soli imeshakunjwa na miguu ya mwingine, usikubali kisigino kinachopwaya.

2. Kagua ngozi na soli. Sukuma ngozi kwa kidole gumba. Ya kweli hufanya mikunjo midogo kisha hurudi. Ya bandia, kwa unyevu wa huku, haikawii kubambuka magamba. Geuza soli. Ukiona vichwa vya vijiti vya mbao vimepangwa pale katikati soli inapopungua upana, furahi: mbao huvimba na kunywea pamoja na ngozi, kwa hiyo hushika, na fundi anaweza kubadilisha soli buti likaendelea. Soli ya sponji iliyokaa miaka mingi huoza kwa ndani. Ikimeguka kwa ukucha, iache hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

3. Kisigino. Kile kirefu kilichoingia kwa ndani, kama inchi 2, kilikuwa cha wachunga ng'ombe wa Marekani, karne ya 19, ili mguu usipenye ukanasa kwenye kikuku cha tandiko la farasi, pale mpandaji anapokanyaga. Kwa mtembea kwa miguu chukua kifupi na kipana, inchi 1 hadi 1½. Vichochoro vya Lamu, kwa mawe yake na punda wa kupishana nao, havitaki kisigino kirefu.

4. Vaa kwa mahali. Kazi ya mifugo, kama kule ranchi ya Galana: ngozi nene, ncha ya mviringo, suruali ndani ya buti kukiwa na tope. Sherehe ya usiku ukumbini: rangi moja, nakshi chache, mng'aro, suruali ifunike shingo ya buti, mshipi uoane nayo. Kwa mwanamke, gauni linaloishia katikati ya muundi hupendeza zaidi. Kwenye kanzu, msikitini, matangani au nyumba yenye mkeka, vaa makubadhi. Kuvua mabuti kwataka kuketi na kuvuta, na si adabu kuwazuilia watu mlango. Ufukweni usiyapeleke kabisa.

5. Chumvi na ukungu. Futa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, anika kivulini, kisha paka mafuta ya ngozi kidogo. Jua la mchana hupasua ngozi. Masika jaza magazeti ndani, wala usifunge kwenye nailoni. Kabla ya kuvaa tena, yapindue uyagonge chini: nge na tandu hupenda giza la mle vinapokaa vidole.